Chuo na Kijiji: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeulizwa kwenye vikao vya vijiji, kwenye baraza za ofisi za gombolola (wilaya ndogo), na mara nyingi ndani ya matatu kati ya Mbale na Bududa, mashariki mwa Uganda. Wanaouliza ni wenyeviti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa, wanafunzi wanaotaka kujua wanatumwa kufanya nini, na walimu wenzangu. Mimi ni mwalimu wa kilimo na hifadhi ya udongo. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwapeleka wanafunzi kwenye miteremko ya mlima Elgon na kurudi nao salama. Najibu kwa Kiswahili kwa sababu darasa langu moja la shambani huwa na Mgisu, Mteso, Msamia na Mkongo, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha.

Ushirikiano wa chuo na jamii ni kitu gani hasa?

Ni makubaliano ya muda mrefu kati ya chuo na watu wa mahali fulani, ili kushughulikia shida ambayo watu hao wameitaja kwa vinywa vyao. Chuo kinaleta walimu, wanafunzi, maabara na vipimo. Kijiji kinaleta ardhi, mikono, na ujuzi wa mahali: mto hupanda hadi wapi, udongo gani hushika maji, nani anagombania mpaka na nani. Huo ujuzi wa kijiji hauandikwi popote, na chuo kikiukosa, kazi huharibika hata kama hesabu zake zote ni sahihi.

Ziara ya siku moja haihesabiki. Basi likija, wanafunzi wakapima, wakala chakula, wakaondoka, hiyo ni safari ya masomo. Ina faida yake, lakini tusiiite ushirikiano.

Uendelevu na ustahimilivu ni nini kwa lugha ya nyumbani?

Uendelevu ni shamba linalokulisha leo kuweza kumlisha na mjukuu wako. Ustahimilivu ni kaya kupigwa na mvua au ukame bila kurudi mwanzo kabisa. Kaya yenye maharage ghalani, mbuzi wawili watatu, akiba kidogo kwenye kikundi na mbegu zilizotundikwa juu ya moshi wa jiko hutikisika, kisha husimama tena. Kaya yenye zao moja na deni moja kubwa hulala chini muda mrefu.

Kwa nini jambo hili lina haraka Uganda?

Kwa sababu tumezika watu. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka Nametsi, wilayani Bududa, ukafunika soko, kituo cha afya na nyumba, na mamia ya watu wakapotea. Oktoba 2018 ikawa Bukalasi, Bududa hiyohiyo, zaidi ya watu 40. Mwisho wa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika na kuingia Mbale mjini usiku. Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli. Upande wa magharibi, watu wa Kasese wamepigwa na mto Nyamwamba mara kwa mara. Mafuriko ya Mei 2020 yaliharibu hospitali ya Kilembe. Mwaka huohuo Ziwa Victoria lilipanda na kuivunja rekodi ya 1964, na wavuvi waliojenga karibu na maji wakahama na mabati yao kichwani.

Kaskazini mashariki shida ni kinyume chake. Karamoja ina msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Ukikosea msimu huo, hakuna wa pili wa kukuokoa kama ilivyo kusini, ambako tuna mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba.

Wakati huohuo nchi ina vyuo vilivyojaa vijana wenye nguvu ambao lazima wafanye mafunzo kwa vitendo ndipo wahitimu. Kila nikiwatazama vijana hao na kuutazama mlima, naona kazi na wafanyakazi wake wamekaa jirani bila kujuana.

Ni vyuo vikuu tu vinavyofaa?

Hapana, na hapa watu wengi hukosea. Makerere yenyewe ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Nchi ina Chuo cha Kilimo cha Bukalasa huko Luwero, Chuo cha Misitu cha Nyabyeya kilicho jirani na msitu wa Budongo, Masindi, vyuo vya ufundi kama vile vya Elgon, Lira, Kichwamba, Bushenyi na Kyema, vyuo vya ualimu, na vyuo vya uuguzi. Kijiji kinachohitaji daraja la miguu, tangi la kuvunia maji ya mvua au kitalu cha miche kitahudumiwa vizuri zaidi na chuo cha ufundi kilicho kilomita 15 kuliko na profesa aliye mbali. Anzeni na chuo kilicho karibu. Nauli ndiyo inayoua ushirikiano mwingi, kabla hata fikra hazijatofautiana.

Kuna mifano ya hapa nchini iliyofanikiwa?

Ipo, na nitataja ninayoikubali.

Katika miaka ya 1990 ugonjwa wa kutu uliingia kwenye soya na kukausha majani kabla punje hazijajaa. Watafiti wa Makerere walizalisha mbegu inayostahimili kutu; ya kwanza katika ukoo wa Maksoy, yaani Maksoy 1N, ilitolewa mwaka 2004, na nyingine zikafuata. Leo mkulima wa Lira au Oyam anataja jina la Maksoy kama anavyotaja jina la jirani yake. Utafiti uliishia shambani, na pale ndipo ulipotakiwa kuishia.

Chuo Kikuu cha Mbarara, kilichoanzishwa 1989, tangu mwanzo kiliwapeleka wanafunzi wa udaktari kuishi vijijini ili waone ugonjwa unaanzia wapi: kwenye kisima, kwenye choo, kwenye moshi wa jikoni. Chuo Kikuu cha Gulu kilifunguliwa 2002, vita vikiwa bado vinaendelea, na kaulimbiu yake inazungumzia kuibadili jamii. Wanafunzi wake wa kilimo wamekuwa wakiunganishwa na kaya za wakulima. Kule Kagadi kipo Chuo Kikuu cha African Rural, cha wanawake peke yao, ambacho wanafunzi wake wa mwaka wa mwisho huenda kuishi na kufanya kazi vijijini. Na Fort Portal, Mountains of the Moon kilianza 2005 kama chuo cha wananchi wa Rwenzori wenyewe, baadaye serikali ikakichukua.

Kampala nayo ina wake. Tangu 2015 mradi wa AirQo wa Makerere umekuwa ukitengeneza vipimo vya uchafu wa hewa hapahapa nchini, vingine vikafungwa kwenye bodaboda. Bodaboda inapita mahali ambapo gari la utafiti haliwezi kuingia, na dereva wake anavuta hewa hiyo siku nzima. Mtu wa kwanza kudhurika akawa ndiye anayebeba kipimo. Napenda sana wazo hilo.

Tunaanzaje? Mlango wa kugonga ni upi?

Kaeni kwanza ninyi wenyewe. Itisheni kikao cha kijiji na mkubaliane juu ya shida moja. Tatu ni nyingi. Iandikeni kwa maneno ya kawaida: "Kila mvua kubwa, udongo wa shamba la juu unaziba kisima chetu." Barua ipite kwa mwenyekiti wa LC1, nakala iende kwa afisa maendeleo ya jamii wa gombolola, kisha mpelekeeni mkuu wa idara husika chuoni. Msiiandike kwa chuo kwa ujumla, kwa maana barua ya aina hiyo hukaa mapokezi.

Msubiri jibu, lakini msisubiri mmeketi. Mwakilishi mmoja aende chuoni ana kwa ana. Nimeona barua tatu zikipotea, na mama mmoja akafika na kiroba cha udongo wake mgongoni, akakiweka juu ya meza ya mwalimu na kusema, "Mwalimu, huu ndio unaotushinda." Wiki iliyofuata tulikuwa kijijini kwake.

Chuo kikija chenyewe na wazo lake, tukikatae?

Kisikilizeni, halafu mwulize: nani alisema hii ni shida? Kama jibu ni "mfadhili", mna haki ya kuomba ibadilishwe au kuikataa kwa adabu. Mwalimu mzuri hataudhika.

Mnafanya nini hasa mkija kwenye mteremko?

Swali hili nalijibu kwa furaha kila mara.

Siku ya kwanza hatuchimbi. Tunapanda juu kabisa na mwenyeji, tunashuka polepole tukifuata njia ya maji. Mwaka mmoja tulikuwa na mzee ambaye kila baada ya hatua chache alisimama na kupiga ardhi kwa kisigino. Mwanafunzi mmoja akamwuliza, "Mzee, unasikiliza nini?" Akajibu, "Hapa pana sauti ya mtungi. Pale chini pana sauti ya jiwe." Tulipochimba shimo la kupimia mahali pa "mtungi", tulikuta udongo wa mfinyanzi ulioshiba maji chini ya tabaka jepesi. Wanafunzi waliandika vipimo vyao, na pembeni wakaandika maneno ya mzee.

Siku ya pili tunatengeneza kipimo cha herufi A. Miti miwili iliyonyooka ya kama mita mbili inafungwa pamoja kichwani, mti mfupi unafungwa katikati kama ule mstari wa herufi, na kutoka kileleni unaning'inizwa uzi wenye jiwe. Unasimamisha kipimo, unaweka alama uzi unapogusa mti wa kati. Unageuza miguu, unaweka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa. Kuanzia hapo unatembeza kipimo mguu kwa mguu kuuvuka mteremko, unapigilia kigingi kila uzi unapotulia katikati. Vigingi vikishakuwa thelathini, watu hurudi nyuma kutazama. Mstari haukunyooka kama walivyodhani. Unajipinda kama nyoka kuufuata mwili wa mlima, na ghafla kila mtu anaona kwa nini mitaro yao ya zamani, iliyonyooka, ilikuwa ikimwaga maji yote kwenye kona moja.

Halafu ndipo jembe. Mtaro wa fanya juu una upana na kina cha kama sentimita 60, na udongo wake unatupwa upande wa juu kuwa tuta. Juu ya tuta tunapanda matete, ambayo ni chakula cha ng'ombe, au kaliandra, mti mdogo wa malisho. Kila mvua inateremsha udongo kidogo unaokwama kwenye tuta, na baada ya miaka shamba hujitengeneza ngazi zenyewe. Neno hilo, fanya juu, lilitoka Machakos, Kenya, na vitabu vya kilimo vya dunia nzima vinaliandika kwa Kiswahili. Huwa nawaambia wanafunzi wangu hivyo, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba sayansi haijawahi kusema Kiswahili.

Basi kila mteremko uchimbwe mitaro?

La! Hapa nawaomba mnisikilize sana. Mtaro wa kushikilia maji unafaa pale ambapo shida ni udongo wa juu kuoshwa. Pale ambapo mlima wenyewe unaweza kuteleza, yaani mteremko mkali, mfinyanzi mzito chini, historia ya maporomoko, kuzamisha maji zaidi ardhini ni kuongeza uzito na utelezi. Huko tunafanya kinyume chake: mfereji wa kuyaondoa maji kwa utulivu kuelekea kwenye mkondo uliooteshwa majani, na miti yenye mizizi ya kina. Wala usikate mteremko kwa wima ili kupata kiwanja cha nyumba. Watafiti wa Makerere na wenzao kutoka Ubelgiji, waliochunguza maporomoko ya Manjiya, eneo ambalo leo ni Bududa, waliona kwamba ukataji huo ni moja ya mambo yanayoudhoofisha mlima.

Na kuna mahali ambapo jibu la kweli ni kuhama. Chuo hakipaswi kulificha kwa sababu ya kupenda mradi wake. Dalili ni hizi: ufa mpya ardhini wenye umbo la mwezi mchanga, chemchemi iliyohama au iliyoanza kutoa maji machafu bila sababu, miti na nguzo zilizoinama upande mmoja, mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukaanza kukwama. Mkiona mbili kati ya hizo wakati wa mvua, ondokeni usiku huohuo, mwambieni mwenyekiti, na ndipo mwite mwalimu.

Maarifa ya wazee yana nafasi gani, au mnakuja kutufundisha tu?

Yule mzee wa kisigino ameshajibu sehemu. Nyongeza yangu ni kwamba wazee hawajui kila kitu, na wao ndio wa kwanza kusema hivyo. Wengi wananiambia ndege na maua waliyotumia kujua mwanzo wa mvua sasa yanawadanganya, kwa sababu mvua zenyewe zimebadilisha tabia. Kwa hiyo tunaweka kipimo cha mvua, kopo rahisi lenye alama, kwenye ua wa nyumba ya mtu mmoja, na kijana wa shule anaandika kila asubuhi saa moja. Baada ya misimu kadhaa daftari na kumbukumbu za mzee vinawekwa pamoja mezani. Mijadala inayozuka hapo ni mizuri kuliko mihadhara yangu.

Fedha zinatoka wapi?

Kidogo chuoni, kidogo kijijini, kidogo serikalini, na mara nyingine kwa wafadhili. Sehemu kubwa ya kazi niliyoieleza haina gharama kubwa: miti, kamba, majembe, na chakula cha mchana. Mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia, uliozinduliwa Februari 2022 na unaojulikana zaidi kwa jina la PDM, unapeleka shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa kila muluka, yaani parokia, kupitia SACCO yake (ushirika wa akiba na mikopo), na kaya inaweza kukopa hadi milioni moja. Fedha hiyo ni ya biashara ya kaya. Hailipi mitaro ya kijiji kizima. Lakini mkulima aliyekopa ili afuge ng'ombe wa maziwa anahitaji matete, na matete yako juu ya tuta. Hapo ndipo mwalimu wa chuo anaweza kukaa na kikundi kabla hawajachukua mkopo na kupiga hesabu nao: ng'ombe anakula nini Januari?

Mchango wa kijiji kwa mikono nao uandikwe kama fedha. Waganda wana bulungi bwansi, kazi ya pamoja kwa ajili ya nchi nzuri, na kila kabila lina jina lake kwa jambo hilohilo. Siku 40 za watu kuchimba zina thamani, na zikionekana kwenye hesabu za mradi, watu wa chuo husema kwa heshima zaidi.

Je, tulipwe posho ya kuhudhuria vikao?

Nauli na chakula, ndiyo, kwa sababu siku ya mtu maskini ni mali yake. Posho ya kukaa tu, hapana. Ikishaanza, watakaokuja ni wanaotafuta posho, na mama mwenye shida halisi atakosa kiti. Najua wengi hawakubaliani nami hapa.

Wanafunzi watalala na kula wapi?

Nyumba za watu zikiwezekana, wawili wawili, wasichana kwa familia zilizokubaliwa na mwenyekiti na chuo kwa maandishi. Chuo kilete unga, mchele, sukari na sabuni. Wenyeji wasiingie gharama. Mwanafunzi anateka maji na kuosha vyombo kama mtoto wa nyumba hiyo. Kuna nambari ya simu ya mwalimu mmoja ambayo inapokelewa usiku na mchana, na mwanafunzi au mwenyeji akilalamika juu ya usalama, mwanafunzi anahamishwa siku hiyohiyo kabla ya kuuliza nani ana kosa.

Shamba darasa liwe kwenye ardhi ya nani?

Si ya mwenyekiti. Simaanishi kwamba wenyeviti ni wabaya. Wengi wamenipokea vizuri sana. Lakini shamba likiwa kwake, uongozi ukibadilika darasa linakufa. Ardhi ya shule ya msingi, ya kanisa au ya msikiti ni bora, kwa makubaliano yaliyoandikwa na kutiwa saini mbele ya mashahidi, yakisema ni misimu mingapi na mavuno ni ya nani.

Akina mama wanashirikije kama kikao ni saa nne asubuhi?

Hawashiriki, na ndiyo maana kikao kisiwe saa nne asubuhi. Wakati huo mama yuko shambani. Waulizeni wao saa; kwetu mara nyingi hujibu saa tisa alasiri, na kiishe kabla ya kwenda kuteka maji. Watoto waje nao. Mambo yanayowagusa zaidi yapewe kipaumbele: jiko la udongo la kubana kuni, bustani ya mboga kwenye gunia karibu na jiko, viazi vitamu vya rangi ya chungwa kwa ajili ya macho na afya ya watoto. Jiko la aina ya rocket lorena linajengwa kwa udongo wa kichuguu, mchanga na majani makavu, na mwanamke aliyelijenga kwa mikono yake mwenyewe hulikarabati mwenyewe likipasuka.

Kambi za wakimbizi je?

Ziingizwe bila kusita. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na sheria ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea. Hupewa kiwanja kidogo cha kuishi na kulima. Nakivale, Isingiro, imekuwepo tangu mwisho wa miaka ya 1950. Bidibidi, Yumbe, ilifunguliwa Agosti 2016 na kujaa kwa miezi michache. Shida ya kwanza ya maeneo hayo ni kuni. Mwenyeji na mkimbizi wanagombea mti uleule, na ugomvi huanzia hapo.

Chuo kikifundisha kitalu au jiko la kubana kuni, kikundi kiwe nusu wenyeji, nusu wakimbizi, kuanzia siku ya kwanza. Na mkumbuke kwamba Mkongo kutoka Kivu, Mrundi na wengi wengine wanasikia Kiswahili vizuri kuliko Kiingereza. Mwanafunzi wa Kiganda anayejitahidi kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika hufundishwa na wenyeji wake jioni, nao wakajiona ni walimu.

Kwa hiyo lugha iwe Kiswahili kila mahali?

Iwe lugha ya watu wa pale. Kiswahili kinatumika pale palipochanganyika. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 ilikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Ni nafasi nzuri kwa vyuo vya ualimu: mwanafunzi wa Kiswahili atafsiri kijitabu cha mmomonyoko badala ya kuandika insha juu ya mada aliyoichoka.

Tumechoka kuhojiwa. Watafiti huja na madaftari, hatuwaoni tena. Mtatofautianaje nao?

Malalamiko haya ni ya haki, nami nimekuwa upande wa wenye madaftari.

Utafiti unaohusu watu unapaswa kupitiwa na kamati ya maadili na kusajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Ombeni kuona barua hizo. Mna haki ya kuelezwa kwa lugha mnayoielewa, kukataa, na kujitoa katikati bila kupoteza huduma yoyote. Na wekeni sharti lenu juu ya hayo: matokeo yaletwe kijijini kabla hayajapelekwa mkutanoni Kampala au ng'ambo, yasomwe kwa sauti chini ya mti, na watu waruhusiwe kusahihisha. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, mama mmoja alisimama na kusema idadi yetu ya visima ilikuwa na makosa, kwa kuwa kimoja tulichokihesabu hukauka Februari. Alikuwa sahihi. Tulibadilisha ramani pale pale.

Picha za watoto na za nyumba zilizobomoka zisitumike bila ruhusa ya mwenyewe.

Miti gani tupande?

Watu wanataka mkaratusi kwa sababu unakua haraka na nguzo zina soko. Mahali pake ni mbali na chemchemi na mbali na shamba la chakula. Kando ya mto na kwenye kahawa, tafuteni miti ya asili ya eneo lenu, inayotoa kivuli na kuacha majani yaoze. Mwenye kumbukumbu ya majina yake ni bibi, si mimi. Kaskazini, msikate mti wa mafuta ya shea kwa ajili ya mkaa. Mwaka 2023 rais alitoa amri ya kuzuia biashara ya mkaa huko, lakini amri haiwezi kulinda mti ambao jirani yake ana njaa. Mafuta ya shea yanapaswa kumlipa mama zaidi ya gunia la mkaa, na kutafuta soko hilo ni kazi ambayo vitivo vya biashara vingeweza kuifanya kesho.

Niseme na lililoniuma. Chuo nilichokuwa nikifundisha zamani kilipanda maelfu ya miche kwa siku moja, mbele ya wageni. Ilikuwa mwishoni mwa mvua kwa sababu fedha zilikuwa zinaisha mwezi huo. Hatukumwuliza mtu kuhusu mbuzi. Januari nilirudi peke yangu, nikakuta vijiti vikavu kwenye mistari iliyonyooka vizuri, na mzee mwenye shamba hakunilaumu hata neno. Alinikaribisha uji. Tangu siku hiyo sikubali kupanda mti ambao haujapewa jina la mtu atakayeumwagilia.

Mradi ukiisha, nani anabaki?

Swali hili liulizwe kwenye kikao cha kwanza. Wanaobaki ni wale waliofundishwa kufundisha: vijana wawili na akina mama wawili wa kila kijiji, wanaoweza kutengeneza kipimo cha A bila sisi. Chuo nacho kibaki kwa njia yake: kijiji kiingizwe kwenye ratiba ya masomo, ili kila mwaka wanafunzi wapya waende hapo hapo. Ratiba ya masomo haitegemei mfadhili. Vyuo vikuu navyo vinapaswa kubadilisha jinsi vinavyowapandisha walimu vyeo, kwa kuwa mwalimu aliyeandika makala hupanda haraka kuliko aliyeokoa kisima.

Tutajuaje kama kazi inafaa?

Hesabuni vitu mnavyoviona. Maji ya kisima yanasafika siku ngapi baada ya mvua kubwa? Debe ngapi za maharage zimebaki Aprili? Miche mingapi ipo hai baada ya kiangazi cha kwanza, si siku ya kupanda? Wanafunzi wangapi waliorudi bila kutumwa?

Tukitaka kuanza msimu ujao, tufanye nini sasa?

Kwa mvua za Machi, kikao cha kijiji kiwe Novemba, barua ifike chuoni kabla ya kufungwa kwa Krismasi, na matembezi ya mteremko yafanyike Januari, ardhi ikiwa kavu na nyufa zikionekana. Februari ni ya vigingi na majembe. Kwenye matembezi hayo mleteni mtu anayejua chemchemi zote za kijiji, hata zile zilizokauka. Mara nyingi ni mwanamke mzee ambaye hajaitwa kwenye kikao chochote. Mfuateni nyumbani kwake, mkambebee mtungi.